Funzo la Kiwolofu: Lugha haitukuki kwa wingi wa wasemaji pekee

Ipo dhana moja iliyokita mizizi miongoni mwa walimu na wanafunzi wetu wa lugha. Dhana yenyewe ni kwamba lugha ikishapata wasemaji wengi, mambo mengine yote yatafuata: vitabu vitaandikwa, shule zitaifundisha, mahakama zitaitumia na wakubwa wataiheshimu. Wanaoshikilia maoni haya hutuambia kwamba kazi yetu ni kuizungumza tu, na kwamba siku moja serikali itaona haya na kuukubali ukweli ulivyo. Nakusudia kuonyesha leo kwamba dhana hiyo haina msingi. Ushahidi wangu nautoa mbali na kwetu, katika pwani ya magharibi ya bara letu, nchini Senegali. Huko Kiwolofu kimepata wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote, na bado hakijapata dawati lake la kudumu shuleni.

Huenda msomaji akadhani kwamba Wawolofu ni watu asiowajua hata kidogo. Sivyo. Wali wa Jolof unaopikwa kote Afrika Magharibi umepewa jina la dola yao ya kale. Timu ya taifa ya kandanda ya Senegali huitwa Simba wa Teranga, na neno hilo, teraanga, ni la Kiwolofu lenye maana ya ukarimu na heshima anayotendewa mgeni. Hata jina la nchi yenyewe wananchi hupenda kulieleza kwa Kiwolofu: sunu gaal, yaani 'mtumbwi wetu'. Wanaisimu wengi hawaikubali asili hiyo. Wao hulihusisha jina la Senegali na Wazenaga, Waberberi waliokaa kaskazini mwa mto. Hata hivyo, hadithi ya mtumbwi inatuonyesha ni kwa lugha gani wananchi hao wamezoea kujieleza.

Kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, dola ya Jolof iliasisiwa na Ndiadiane Ndiaye, mtu wa ajabu aliyetokea majini. Dola hiyo ilizitawala Waalo, Kajoor na Bawol hadi 1549, wakati Kajoor ilipoasi na kumshinda mfalme wa Jolof katika vita vya Danki. Tangu hapo kila milki ikawa na mtawala wake mwenye cheo chake: Brak huko Waalo, Damel huko Kajoor, Teeñ huko Bawol na Buurba huko Jolof. Wafaransa walianzisha mji wa Saint-Louis, ambao Wawolofu huuita Ndar, mwaka wa 1659. Lakini iliwachukua karibu karne mbili kabla ya kuiteka Waalo, mwaka wa 1855. Naye Damel Lat Dior aliipinga reli ya kutoka Dakar hadi Saint-Louis kwa kuwa alitambua kwamba gari moshi lililokuja kuchukua karanga lingeleta pia askari. Reli ilikamilika 1885. Mwaka uliofuata Lat Dior aliuawa vitani huko Dekhele.

Leo Wawolofu kwa asili ni takriban watu wanne katika kila kumi nchini Senegali. Wapo pia Gambia, hasa mjini Banjul, na kusini mwa Moritania. Walakini wanaokizungumza Kiwolofu nchini Senegali, kikiwa lugha yao ya kwanza au ya pili, wanakadiriwa kuwa wanane katika kila kumi au zaidi. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya wasiokuwa Wawolofu wameichukua lugha hiyo na kuifanya yao. Wamefanya hivyo bila sheria kuwalazimisha, bila mtihani na bila cheti.

Kabla ya kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, inafaa tuitazame lugha yenyewe, maana mwanafunzi wa Kiswahili ana mengi ya kujifunza humo. Kiwolofu ni jamaa wa karibu wa Kiserer na Kifula, na zote tatu ni za tawi la Atlantiki. Tawi hilo liko katika ukoo ule ule mkubwa wa Niger-Kongo ambao umezizaa lugha za Kibantu. Kwa hivyo Kiwolofu na Kiswahili ni ndugu wa mbali sana, lakini ni ndugu. Undugu huo unaonekana katika ngeli. Sisi huiweka alama ya ngeli mwanzoni mwa nomino: mtoto, watoto, kitabu, vitabu. Wawolofu huiweka katika neno dogo linaloifuata nomino. Husema xale bi, 'mtoto huyu tunayemjua', na wingi wake ni xale yi. Husema nit ki, 'mtu', na nit ñi, 'watu'. Garab gi, 'mti'. Ndox mi, 'maji'. Fas wi, 'farasi'. Nomino yenyewe haibadiliki. Konsonanti ya neno lile dogo ndiyo inayotaja ngeli. Irabu nayo ina kazi yake: ikiwa ni i, kitu kiko karibu, ikiwa ni a, kiko mbali. Xale bi yuko hapa. Xale ba yuko kule.

Kwenye kitenzi ndiko Kiwolofu kinakotuacha nyuma. Sisi tunapotaka kusisitiza sehemu fulani ya sentensi, huongeza 'ni' na kirejeshi, au huipandisha sauti tu. Mwolofu hana budi kuamua, kabla hajafungua kinywa, ni jambo gani analolisisitiza, kwa maana umbo la sentensi hutegemea uamuzi huo. Lekk naa ceeb ni 'nimekula wali', basi. Ceeb laa lekk ni 'ni wali niliokula', si kitu kingine. Maa lekk ceeb ni 'ni mimi niliyekula wali', si mwingine. Na dama lekk ceeb husemwa na mtu anayeeleza sababu: usishangae kwamba sina njaa, nimekula wali. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake maana ya msisitizo katika sarufi hatapata mfano ulio bora kuliko huu.

Hesabu pia ina utamu wake. Wawolofu huhesabu kwa tano. Benn, ñaar, ñett, ñeent, juróom: moja hadi tano. Sita ni juróom-benn, yaani tano na moja. Saba ni juróom-ñaar. Na kuendelea hadi fukk, kumi. Fedha huhesabiwa kwa dërëm, ambayo ni faranga tano. Kwa sababu hiyo mama muuza samaki anayetaja téeméer, 'mia moja', anadai faranga 500. Mgeni aliyejifunza tarakimu vitabuni bila kujua siri ya dërëm hulipa pungufu na kushangaa kwa nini anakaripiwa.

Utamaduni wa watu hawa nao umo ndani ya maneno yao. Salamu ya Kiwolofu haina haraka. Watu huulizana Jàmm nga am?, 'una amani?', na jibu ni Jàmm rekk, 'amani tu'. Kisha hutajiana majina ya ukoo, mara moja, mara mbili, mara tatu: Ndiaye! Diop! Jina la ukoo huitwa sant, na neno hilo hilo, likiwa kitenzi, lina maana ya kusifu au kushukuru. Kumtaja mtu jina la ukoo wake ni kuwasifu waliomzaa. Kisha huja mzaha. Ndiaye humwambia Diop kwamba ni mlafi asiyeshiba wali, na Diop humrudishia Ndiaye maneno yale yale bila mtu kuudhika. Wanaita uhusiano huo kal. Sisi hatuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa tuna neno letu: utani.

Hali kadhalika, yapo maneno ambayo Mswahili atayatambua papo hapo. Alhamisi ni alxames, Ijumaa ni àjjuma, wakati ni waxtu, zamani ni jamono, na dunia ni àdduna. Neno sutura, linalotaja wema wa kufunika aibu za nyumba na za jirani, ni jamaa wa 'sitara' yetu. Hatukuyapata maneno hayo kwa Wawolofu, wala wao hawakuyapata kwetu. Uislamu uliyapeleka katika pwani mbili za bara moja kwa njia mbili tofauti, na kila pwani ikayavika mavazi yake.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila kitu katika jamii hii ni cha kusifiwa. Jadi ya Wawolofu iliwagawa watu katika matabaka ya kuzaliwa: géer, waungwana, ñeeño, mafundi wa chuma na wa ngozi pamoja na géwél, walumbi na wapiga ngoma, na jaam, watumwa. Utumwa ulikwisha, lakini hata sasa zipo familia zinazomkataa mchumba kwa sababu babu yake alikuwa mhunzi. Mgawanyo huo uliigusa hata lugha. Mwungwana alitarajiwa kusema kidogo na kwa sauti ya chini; ufasaha wa hadharani ulikuwa kazi ya géwél. Hao ndio waliohifadhi nasaba na historia za wafalme, na leo watoto wao wamo redioni na katika majukwaa ya muziki.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kiwolofu kilienea vipi? Kwanza, kilikuwa lugha ya Waafrika wa Saint-Louis, na makarani, wakalimani na wachuuzi wa mji huo walikwenda nacho kila walikotumwa. Pili, uchumi wa karanga uliijaza nchi ya Wawolofu masoko na vituo vya reli, na mtu wa kabila lolote aliyetaka kuuza gunia lake alijifunza kutaja bei kwa Kiwolofu. Tatu, dini. Sheikh Ahmadou Bamba, mwasisi wa tarika ya Murid, alihamishiwa Gabon na Wafaransa kuanzia 1895 hadi 1902, na akafariki 1927. Wafuasi wake walilima karanga, wakaujenga mji wa Touba, kisha wakatawanyika hadi Dakar, Paris na New York wakifanya biashara. Lugha yao ya sokoni na ya zawiya ni Kiwolofu. Nne, jiji la Dakar lenyewe, ambamo mtoto wa baba Mserer na mama Mfula hukua akizungumza Kiwolofu tangu utotoni.

Juu ya hayo yote kukaja muziki wa mbalax, ambao Youssou N'Dour aliueneza duniani, na redio za binafsi zilizochipuka katika miaka ya 1990. Wanasiasa hawakubaki nyuma. Abdoulaye Wade aliingia ikulu mwaka wa 2000 kwa wito wa neno moja, Sopi, yaani 'mageuzi'. Macky Sall, ambaye asili yake ni Wahaalpulaar, yaani Wafula wa bonde la mto Senegal, alitawala kuanzia 2012 hadi 2024 akiwa na muungano ulioitwa kwa Kiwolofu Benno Bokk Yaakaar, 'kuungana katika tumaini moja'. Kura huombwa kwa Kiwolofu.

Lakini kura zikishahesabiwa, sheria huandikwa kwa Kifaransa. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Katiba ya Senegali ya 2001 inasema kwamba lugha rasmi ni Kifaransa, na kwamba Kijola, Kimandinka, Kipulaar, Kiserer, Kisoninke na Kiwolofu, pamoja na lugha nyingine yoyote itakayosanifishwa, ni lugha za taifa. Cheo cha lugha ya taifa ni kizuri, lakini hakimsaidii mshtakiwa kuisoma hati ya mashtaka, wala mkulima kuelewa mkataba wa ardhi yake. Hakimsaidii mtoto wa darasa la kwanza anayefundishwa kujumlisha kwa lugha ambayo hajawahi kuisikia ikizungumzwa na mama yake. Wanaoweza kuisoma barua ya serikali kwa Kifaransa bila msaada ni wachache mno wakilinganishwa na wanaozungumza Kiwolofu. Nchi nzima inasemeshwa kwa lugha moja wakati wa kampeni, na kutawaliwa kwa nyingine baada ya kampeni.

La ajabu ni kwamba mambo yangeweza kwenda vingine. Mwaka wa 1817 mwalimu Mfaransa aitwaye Jean Dard alifungua shule huko Saint-Louis. Aliona upesi kwamba watoto walikuwa wakikariri maneno ya Kifaransa bila kuyaelewa, naye akaanza kuwafundisha kusoma kwa Kiwolofu kwanza. Alichapisha kamusi mwaka wa 1825 na sarufi ya Kiwolofu mwaka wa 1826. Mbinu yake haikudumu. Waliomfuata waliirudisha shule mikononi mwa Kifaransa, na baadaye ikaja ile adhabu iliyoenea katika makoloni ya Ufaransa: mwanafunzi aliyenaswa akizungumza lugha ya kwao alitundikwa kibao cha aibu, akae nacho hadi amnase mwenzake. Walimu wetu wa makamo na wazee hawahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa wengi wao walikivaa kibao kama hicho katika shule za hapa kwetu. Wakoloni walikuwa wawili. Kasumba ilikuwa moja.

Uhuru ulipopatikana 1960, nchi hiyo iliongozwa na Léopold Sédar Senghor, mshairi na mtaalamu wa sarufi. Senghor, ambaye alikuwa Mserer, aliwahi kuzichunguza ngeli za Kiwolofu katika miaka ya 1940. Ungetarajia kwamba rais mwanaisimu angezifungulia lugha za Kiafrika milango ya shule. Alichokifanya ni kuzitungia kanuni za tahajia. Amri ya 1971 ilieleza jinsi lugha sita za taifa zitakavyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kazi hiyo ilihitajika, lakini kanuni zikageuzwa rungu. Sembène Ousmane alipotengeneza filamu yake Ceddo, ya 1977, serikali ilishikilia kwamba jina hilo liandikwe kwa d moja. Sembène alikataa, na filamu haikuonyeshwa Senegali wakati wote wa utawala wa Senghor. Wengi waliamini kwamba kilichowaudhi wakubwa hasa ni jinsi filamu hiyo ilivyosimulia habari za dini na utumwa. Profesa Cheikh Anta Diop naye alikuwa ameanzisha gazeti, 1976, lililoitwa Siggi, maana yake 'inua kichwa'. Hilo nalo lilishtakiwa kwa g yake ya pili, likalazimika kuwa Taxaw, 'simama'.

Wanafunzi wasicheke wakidhani kwamba hayo ni mabishano ya bure ya wataalamu. Katika Kiwolofu urefu wa konsonanti hubadilisha maana, kama ilivyo katika Kiganda cha majirani zetu, ambamo okuta ni kuachilia na okutta ni kuua. Kwa Kiwolofu gëm ni kuamini, na gëmm ni kufumba macho. Swali la lini konsonanti iandikwe mara mbili ni swali halali la isimu, na lingejibiwa na wanaisimu mezani. Serikali inapolijibu kwa kufungia magazeti na filamu, inakuwa imekiri kwamba inaijua nguvu ya lugha hiyo, na kwamba inaiogopa.

Pamoja na hayo, kalamu za Wawolofu hazikukauka. Kwa muda mrefu wanazuoni wao wamekuwa wakiandika Kiwolofu kwa herufi za Kiarabu, hati inayoitwa wolofal, kama washairi wa pwani yetu walivyoandika tendi zao. Moussa Ka, mfuasi wa Ahmadou Bamba, alitunga mashairi mengi kwa hati hiyo, akatetea kwamba Kiwolofu hakipungukiwi na utukufu mbele ya Kiarabu. Wafanyabiashara wengi wasiojua kusoma Kifaransa huweka hesabu zao za maduka kwa hati hiyo, ingawa serikali huwahesabu kuwa hawajui kusoma. Cheikh Anta Diop, katika kitabu chake cha 1954, alieleza nadharia ya Einstein kwa Kiwolofu ili kuwanyamazisha waliodai kwamba lugha za Kiafrika haziwezi kuibeba sayansi. Chuo Kikuu cha Dakar kimeitwa kwa jina lake tangu 1987, na masomo humo hufundishwa kwa Kifaransa.

Sembène naye, baada ya kuandika riwaya kwa Kifaransa ambazo watu wa kwao hawakuweza kuzisoma, aliigeukia filamu, na mwaka wa 1968 akatoa Mandabi, inayozungumza Kiwolofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Pathé Diagne walichapisha gazeti la Kiwolofu, Kaddu. Mame Younousse Dieng alitoa riwaya yake Aawo bi mwaka wa 1992. Naye Boubacar Boris Diop, mwandishi mashuhuri wa Kifaransa, alikwenda Rwanda mwaka wa 1998 kuandika juu ya mauaji ya halaiki ya 1994. Baada ya safari hiyo alianza kuandika kwa lugha ya mama yake, na riwaya yake Doomi Golo ilitoka 2003. Ngũgĩ wa Thiong'o wetu alikuwa ameipita njia hiyo zaidi ya miaka ishirini kabla yake.

Habari za Mariama Bâ zinatosha kuonyesha hali ilivyo. Riwaya yake ya 1979 kuhusu mjane anayemwandikia rafiki yake imetafsiriwa katika lugha nyingi, na Kiswahili kimo, kwa jina Barua Ndefu Kama Hii. Tafsiri ya Kiwolofu, iliyofanywa na Mame Younousse Dieng na Arame Fal, ilingoja miaka mingi, na mwaka wa 2016 ilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mfululizo wa Céytu ambao Boris Diop aliuanzisha. Vitabu hivyo vipo na ni vizuri. Wasomaji wake wako wapi? Wamo mitaani kwa mamilioni, lakini hakuna aliyewafundisha kusoma lugha wanayoizungumza. Majaribio ya kufundishia madarasa ya mwanzo kwa lugha za taifa yalifanyika kuanzia 2002, na yamefuatwa na mengine. Jaribio si sera. Mradi wa wafadhili ukifika mwisho wake, mwalimu hurudia alichozoea.

Ipo hoja moja dhidi ya Kiwolofu ambayo haifai kupuuzwa. Wahaalpulaar, Waserer, Wajola na wengine husema kwamba Kiwolofu kikipewa shule na mahakama, lugha zao zitamezwa. Tayari watoto wao waishio Dakar hawazizungumzi. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini tuitazame kwa makini. Kumezwa huko kumetokea wakati Kiwolofu hakina cheo chochote shuleni. Sokoni hakuna sheria ya kumlinda mdogo. Mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika. Sera ya haki ndiyo inayoweza kumpa mtoto wa Ziguinchor nafasi ya kusoma Kijola kwanza, kisha Kiwolofu, kisha Kifaransa. Mwaka wa 2014 bunge la Senegali lilianza kuwatafsiria wabunge hotuba papo kwa papo katika lugha sita za taifa. Ikiwa jambo hilo liliwezekana kwa wabunge, kwa nini lishindikane kwa watoto?

Nasi Wakenya tuna la kujifunza. Hali yetu ni kama ya Senegali iliyopinduliwa. Sisi tuna sheria. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, na Katiba ya 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kilichopungua kwetu ni ile imani ambayo Mwolofu wa kawaida anayo. Waziri wa Senegali akizungumza Kiwolofu hadharani, haombi radhi. Wakubwa wetu wengi hukitumia Kiswahili kuchekesha umati, kisha wakageukia Kiingereza kusema yaliyo ya maana. Wanafunzi wetu hukisoma ili wapate alama, wakakiacha mlangoni mwa chumba cha mtihani. Wenzetu wana upendo usio na sheria. Sisi tuna sheria isiyo na upendo. Lugha haiwezi kutembea kwa mguu mmoja.

Na tusijidanganye kwamba sisi ndio wanyonge daima. Kwa Mpokomo, kwa Msuba, kwa Mmakonde wa Kwale, Kiswahili ndicho Kiwolofu. Mtaala unataka watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini shule nyingi hulipuuza agizo hilo, na wazazi hufurahi. Mwalimu wa Kiswahili anayedai haki mbele ya Kiingereza hana budi kuitoa haki hiyo hiyo kwa lugha ndogo zilizo chini yake.

Kwa walimu, basi, nina ombi moja. Mnapofundisha ngeli, msiishie katika Kiswahili. Mwulizeni kila mwanafunzi jinsi lugha ya kwao inavyosema 'mtoto' na 'watoto', 'mti' na 'miti', muandike majibu ubaoni, kisha muongeze xale bi na xale yi. Mtoto anayeiona lugha ya nyumbani kwao ikiandikwa ubaoni na mwalimu hataitazama tena kwa aibu. Na kwa wanafunzi: mnaoisoma isimu leo ndio mtakaotunga kesho kanuni za tahajia, kamusi na vitabu vya kiada. Mkiiacha kazi hiyo, itafanywa na wanasiasa kwa amri, na mmeshaona yaliyoipata d ya pili ya Ceddo. Wawolofu husema nit, nit ay garabam: dawa ya mtu ni mtu. Dawa ya lugha nayo ni wenye lugha, lakini ni wale tu walio tayari kuifanyia kazi.